Msumari wa Mlango wa Nyuma

Wiki iliyopita Rehema, binti anayenisaidia kazi za nyumbani, alimwagilia mrehani ulio kwenye kopo karibu na mlango wa nyuma, na maji yakapitiliza yakalowesha nondo za mlango zilizoota kutu. Harufu ikanifikia nilipokuwa nimekaa nachambua mchele: mrehani, kutu na maji. Mikono yangu ikasimama. Kwa muda nilikuwa tena na miaka minane, nimekaa sakafuni nimeegemea ukuta, nasikiliza miguu ya mtu ambaye mama yangu aliapa kwamba hayupo.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikianzia hapo mtasema bibi huyu ameanza kuota mchana. Wanangu wanasema hivyo tayari.

Mimi nimezaliwa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, katika nyumba ya vyumba sita. Vyumba sita, familia sita, choo kimoja, na mtungi mmoja wa maji uani wenye kata ya kifuu. Kata ile kila mtu aliichovya: sisi, wapangaji wenzetu, mama muuza maandazi, fundi baiskeli aliyeingia kuomba kivuli. Mtu hakuwahi kuuliza ametangulia nani kunywa. Na kelele haikukatika. Redio ya jirani ndiyo ilikuwa redio yetu, na ugomvi wa jirani hali kadhalika.

Baba alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo nje kidogo ya mji, mojawapo ya vile vilivyojengwa baada ya uhuru. Ujana wake aliuanzia kwenye kiwanda cha sabuni, enzi za Mwingereza. Huko, alikuwa akisimulia, palikuwa na vyoo vitatu: cha Wazungu kilikuwa na kioo, cha Wahindi kilikuwa na mlango, na cha Waafrika kilikuwa na nzi. Kiwanda kipya kilikuwa na kantini moja, na vikombe vyote vilikuwa vya aina moja, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, na meneja naye akinywea humo humo. Baba aliwasimulia wageni habari za vikombe vile kama wengine wanavyosimulia safari ya Makka.

Lakini mashine za kufumia zilikuwa zimemla masikio. Alikuwa bado kijana na tayari hasikii mlio wa jogoo. Wafumaji wote walikuwa hivyo. Ndani ya ule mngurumo walizungumza kwa vidole na kwa kusomana midomo, na baba akatuletea lugha ile nyumbani. Kugusa kifua mara mbili ni kuuliza kama umekula. Kufikicha vidole ni sukari, na baada yake kutikisa kichwa, maana miaka ile sukari ilikuwa haipatikani. Ukitaka kumwita ulikanyaga sakafu kwa kisigino mara mbili. Aliisikia kwa nyayo.

Basi serikali ikataifisha majumba makubwa ya mjini, na wengi waliokuwa wakikaa humo, Wahindi, wakafunga mizigo wakaenda zao ng'ambo. Baba aliandika jina lake kama wengine, akangoja, na siku moja akarudi na ufunguo. Ilikuwa nyumba ya ghorofa tatu upande wa pili wa Mnazi Mmoja, na sisi tumepewa ghorofa ya juu kabisa. Kutoka Sikukuu ni robo saa kwa miguu, ukiwa na kitanda kichwani labda nusu saa. Tulipokuwa tunavuka uwanja, baba alitua mzigo akatuambia kwamba uwanja ule uliachwa wazi makusudi enzi zile, ili Waafrika wabaki huku na Wahindi kule, na Wazungu wakae mbali zaidi, kwenye upepo. "Leo tunavuka," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya viziwi, na watu wakageuka kututazama. Mama aliona haya, lakini alikuwa anatabasamu.

Nyumba ilikuwa kubwa na tupu. Kwenye kuta kulikuwa na miraba myeupe palipotundikwa picha, na harufu ya bizari ilikuwa imeingia ndani ya chokaa. Kwenye mwimo wa mlango wa chumba changu nilikuta mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na maandishi nisiyoweza kuyasoma. Mtu alikuwa akimpima mtoto wake. Nilijisimamisha pale nikajipima. Nilikuwa nimemzidi mwenye mstari wa mwisho kwa kidole kimoja, na sijui kwa nini jambo hilo lilinitisha.

Ngazi zilikuwa mbili. Za mbele zilikuwa za saruji iliyong'arishwa, pana, za wenye nyumba. Za nyuma zilikuwa za chuma, zikipanda kwa kujizungusha kutoka kwenye uchochoro hadi mlango wa jikoni. Nje ya mlango huo palikuwa na kibaraza cha kutosha watu wawili wembamba, bomba la maji, na mrehani wa Kihindi ndani ya debe, majani yake yana wekundu kwa mbali. Ukutani palikuwa na msumari mkubwa, na kwenye msumari pametundikwa kikombe cha bati cha kijani, kimemenyeka ukingoni. Mama alisugua nyumba nzima kwa siku mbili, ila kikombe kile hakukigusa. "Kitu cha watu," alisema, akafunga mlango.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba upande ule wa mji ulikuwa unakufa saa saba mchana. Kariakoo saa hizo ndiyo kwanza mafuta yanachemka. Huku madukani walishusha milango ya mabati, madirisha yakafungwa, na mtaa mzima ukabaki jua tupu, hakuna hata paka. Mimi nilikuwa darasa la pili, tukitoka shule kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa kwenye foleni ya duka la ushirika, baba kazini. Nilikaa peke yangu na chakula kilichofunikwa, kwenye kimya ambacho sikuwa nimewahi kukutana nacho tangu nizaliwe.

Siku ya nne nikasikia miguu. Ilikuwa inapanda ngazi ya chuma, polepole: mguu mmoja ukigonga, wa pili ukiburuzwa. Gwa, sss. Gwa, sss. Ikapita ghorofa ya kwanza. Ikapita ya pili. Juu yetu hapakuwa na mtu, kwa hiyo ilikuwa inakuja kwetu. Ikafika nje ya mlango wa jikoni ikasimama. Nikangoja hodi, kwa sababu mtu akifika mlangoni husema hodi. Hodi haikuja. Bomba likalia, maji yakatiririka, yakakatika. Kimya. Kisha ti, bati limegusa msumari, na miguu ikashuka kama ilivyopanda.

Nilikaa mpaka jasho likanikauka. Halafu nikafungua mlango kidogo. Hapakuwa na mtu. Kikombe kilikuwa kinadondosha tone moja moja, na udongo wa mrehani ulikuwa umelowa. Ndipo nikafikiri jambo ambalo nilipaswa kulifikiri mapema: wenye nyumba wameondoka miezi mingi, sisi hatujaumwagilia hata siku moja, na mrehani ni mbichi.

Nilipomwambia mama alisema ni mabomba ya zamani. Lakini jioni ile alichoma mvuje wa kufukuzia majini hadi macho yakatuwasha. Kesho yake miguu ikaja. Akanyunyiza chumvi kwenye ngazi, ikaja. Akaamua siku moja asiende foleni ili ahakikishe mwenyewe. Tulikaa chumbani tumeshikana, mama anasoma Ayatul Kursi kwa kunong'ona, na bomba lilipolia alinibana mkono hadi nikataka kupiga kelele.

"Baba Asha, turudi Kariakoo," alimwambia baba usiku ule, akitamka polepole ili amsome mdomo. "Hii nyumba ina watu wake."

"Nyumba ina sisi," baba akajibu. Alikataa katakata. Yeye, ambaye dunia yake nzima ilikuwa kimya, hakuweza kuelewa kwa nini kimya kinatutisha.

Wiki iliyofuata aliingia zamu ya usiku, kwa hiyo mchana alikuwa analala mkekani, sakafuni kwenye ubaridi. Saa saba niliyasikia yale ya kila siku yakianza huko chini. Kabla hayajafika ghorofa ya pili, baba alifumbua macho.

"Mbona unanigongea?"

Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimekanyaga kitu. Nilikuwa juu ya kitanda, miguu nimeikunja. Baba akalaza kiganja sakafuni. Nilimwona uso unabadilika, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kuliko siku zote. Mtu asiyesikia hata king'ora alikuwa anayasikia.

Akainuka akaenda jikoni akaweka kiganja kwenye mlango, vile alivyokuwa akiweka kwenye mashine kutafuta kipande kilicholegea. Akasubiri. "Mguu wa kushoto una kasoro," akasema. "Na amechoka. Jini halichoki, mwanangu." Akafungua mlango.

Alikuwa mzee mfupi, mweusi sana, mwenye chale za watu wa kusini kwenye mashavu. Begani alikuwa na mfuko wa miswaki. Nusu ya maji alikuwa ameshakunywa na nusu alikuwa anaumwagia mrehani. Alituangalia bila kushtuka, kisha akaangalia nyuma yetu, ndani, kama anayetafuta mtu.

"Wenyewe wapo?"

Baba alimsoma mdomo. "Wenyewe ndio sisi."

Mzee akamtazama toka kichwani hadi miguuni, fulana na msuli. "Hapana, bwana," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mtoto. "Wenyewe wa nyumba."

Nilikwenda kujificha nyuma ya baba. Sikuwa naogopa tena jini. Niliogopa kwamba labda mzee anasema kweli.

Habari yake ilikuwa fupi. Alikuwa boi wa nyumba ile tangu saruji yake mbichi. Alipika, alifua, alilea watoto, na mistari ile mlangoni kwangu ni yeye aliyekuwa akimshika mtoto asimame wima. Wenyewe waliondoka ndani ya wiki moja. Walimwambia autunze ule mmea, ambao mama mwenye nyumba alikuwa akisali mbele yake kila asubuhi, na kwamba watakaporudi watamwita. Sasa alikuwa anauza miswaki Kariakoo, karibu na soko jipya lililokuwa bado linajengwa, na kila adhuhuri alivuka Mnazi Mmoja kuja kumwagilia. Saa saba ndiyo ilikuwa saa yake ya kupumzika na kunywa maji, miaka yote ile.

"Karibu ndani, Mzee," baba akamwambia.

Mzee akaiangalia miguu yake. "Hapa panatosha." Akakaa kwenye ngazi.

Toka siku ile hofu ikatutoka, na mama alijicheka mpaka machozi kwa kumsomea Ayatul Kursi muuza miswaki. Mzee akawa wetu. Alinichongea miswaki midogo ya saizi yangu, akaniita bibi mdogo. Mama alianza kumwekea chakula, akamwomba amsaidie kupandisha gunia la mkaa, kisha kuteka maji bomba la juu likikauka. Chakula alikula pale pale kwenye ngazi, kwa sahani aliyotengewa, na maji alikunywa kwa kikombe chake cha kijani, akakirudisha kwenye msumari. Nasi tulikaa ndani, mlango wazi, tukiongea naye. Hatukuona kasoro yoyote. Tulijiona watu wema, na kweli tulikuwa watu wema.

Siku moja nilirudi shule nina kiu, jikoni vikombe vimelowekwa, nikatoka kibarazani nikakitungua kile cha kijani nikakijaza. Sikupata hata funda la pili. Mama alikipiga kikombe kikaruka hadi kwenye chuma, kikalia ghorofa zote tatu hadi chini.

"Hicho si cha kunywea!"

"Mbona babu anakinywea?"

"Hicho ni chake!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa amesikia kitu, ila alikuwa anaangalia mdomo wa mama. Mama naye akageuka akamwona, na mkono wake ukabaki hewani. Mama yangu, mtoto wa mtaa wa Gerezani, aliyekunywa kwa kata moja na nusu ya mji, aliutazama ule mkono kana kwamba si wake.

"Sijui imetoka wapi," alisema. Akaanza kulia. "Baba Asha, wallahi sijui imetoka wapi. Hakuna aliyenifundisha."

Nami nilikuwa nimeona mambo mengine pia, ila sikujua kuyaunganisha. Mama alikuwa ameanza kufunga madirisha saa saba. Alikuwa ameanza kusema "kule Kariakoo", akinyoosha mkono, kana kwamba ni safari. Mimi mwenyewe nilikuwa sipiti tena ngazi za nyuma. Nilisema ni za kina babu. Tulikuwa tumechoma mvuje kutoa kitu ndani ya nyumba, na kumbe kilikuwa kinatuingia taratibu, bila kelele.

Baba alishuka akakiokota kikombe, akakiosha, akakiweka kabatini katikati ya vikombe vyetu. Kisha akaleta nyundo akang'oa msumari. Ulikuwa mrefu, ukatoka na chokaa.

Asubuhi yake alikuwa zamu ya mchana na mama ana foleni, kwa hiyo alinipa maagizo mimi. "Mlango uache wazi nusu. Maji weka mezani, kwenye kikombe chake, na chako pembeni. Akipiga hodi, mwambie karibu, aje mkae. Ila usimkimbilie mlangoni, asije akadhani anaitwa kazini. Leo aingie kama mgeni." Nikaitikia kwa vidole. Nilijiona nimepewa kazi kubwa, na ilikuwa kubwa kweli.

Saa saba. Gwa, sss. Nikaketi mezani, nimekishika kikombe cha kijani kwa mikono miwili ili maji yasimwagike. Ikapita ghorofa ya kwanza, ya pili, ikafika. Kupitia uwazi wa mlango niliona bega na kipande cha mfuko wa miswaki. Nikasubiri hodi.

Nikasikia kiganja kikipapasa ukuta. Kilipapasa juu, kikapapasa chini, kikarudi pale pale, kikasimama. Kilikuwa kimeliona tundu. Bomba halikulia. Alikuwa anapumua, na mimi nilikuwa nabana pumzi, karibu yangu iko tayari mdomoni, nangoja tu aseme neno moja ili nami niseme langu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa: hodi kwanza, karibu baadaye. Haikunipitia akilini kwamba katika mlango ule, kwa miaka yote ile, mzee yule hakuwa amewahi kupiga hodi. Boi hapigi hodi. Si mgeni hata akaribishwe, na si mwenye nyumba hata aingie.

Mwishowe alisema, taratibu, si kwa kuniambia mimi:

"Haya."

Miguu ikaanza kushuka. Nilikaa na kikombe changu mpaka sikusikia kitu.

Hakurudi tena. Baba alimtafuta Kariakoo wiki nzima, akiuliza wauza miswaki, na wao wakamwuliza, anaitwa nani huyo mzee? Baba alirudi nyumbani akakaa kitandani. Alimwuliza mama, mama akaniuliza mimi. Hakuna aliyekuwa analijua jina lake. Tulimwita Mzee, tukaona ni heshima inayotosha. Mrehani niliumwagilia mimi, kila siku saa saba, kwa kikombe kile kile, na haukumaliza mwezi.

Miaka mingi nilimwonea baba huruma kwa kosa lile, kisha nikamlaumu, kisha nikaacha. Aliamini kwamba ukibadilisha nyumba, kiwanda na vikombe, watu nao watakuwa wamebadilika, na sehemu kubwa ya nchi iliamini pamoja naye. Alichong'oa kilikuwa alama ya kudharauliwa, ndiyo. Lakini katika mji ule mzima, uliogawanywa na kugawanywa upya, hicho ndicho kitu pekee mzee alichokuwa anajua ni chake. Tulikiondoa bila kumwuliza, na tukamwachia mlango ambao hakuna aliyemwonyesha namna ya kuuingia. Na mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na neno lenyewe ninalo. Hilo bado linaniuma.

Basi wiki iliyopita, harufu ile iliponipata, niliinuka nikaenda jikoni. Rehema alikuwa amemaliza kumwagilia. Dirishani, mbali na vyombo vingine, palikuwa na kikombe kimoja cha plastiki, kimefunikwa kisahani. Nilimwuliza ni cha nani. Akasema ni chake. Sikuwahi kumwambia atenge kikombe. Wanangu wanasema nao hawajawahi, na ninawaamini.

Nikakichukua, nikakijaza chai, nikaenda kukiweka kwenye meza ya ukumbini karibu na changu.

"Karibu, Rehema," nikasema, bila kungoja hodi. "Njoo tukae."

Nilisikia ndala zake zikija ukumbini, polepole, hadi kizingitini. Hapo zikasimama.